Mita haisomeki: kutafuta chanzo kwenye mtandao wa meshi wa mita janja, vilimani na ufukweni Mwanza

Niliwahi kupanda Mabatini saa saba mchana, mita mpya kwenye begi na ngazi begani, jua likiwa limeyachoma mawe mpaka yanarudisha joto usoni. Kazi niliyopewa ilikuwa fupi: mita ya mama mmoja haisomeki, hii siku ya nne, nenda kaibadilishe. Nikaibadilisha. Ile mpya nayo haikusomeka. Mama akanitazama, akaniuliza, "Sasa mwanangu, na hiyo nayo ni mbovu?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa nyumba tatu chini yake, ambako mwenye nyumba alikuwa amesimamisha kibanda cha mabati mbele ya ukuta wenye mita. Mita ile ya chini ndiyo iliyokuwa ikibeba data ya mama. Ya mama ilikuwa nzima tangu mwanzo. Na kwa kuwa tokeni ya LUKU hufungamana na namba ya mita, tokeni aliyoinunua asubuhi ile, akiwa bado hajaiingiza, haikuifaa tena mita mpya. Alihangaika nayo siku mbili kwa kosa langu.

Tangu siku hiyo sibebi mita mpya kwenda kilimani kabla sijajua jirani zake wanasemaje. Mita iliyo kwenye meshi, yaani mtandao ambao mita hupokezana data, ni nadra kuugua peke yake. Mwongozo huu umefuata dalili, maana fundi akiwa chini ya nguzo anachokiona ni dalili, sababu ni lazima aitafute.

Njia ambayo data hupita

Kwenye meshi mita nyingi hazizungumzi na ofisi moja kwa moja. Mita ya juu kilimani humtafuta jirani anayesikika vizuri na aliye karibu zaidi na lango; huyo huitwa mzazi. Mzazi naye ana mzazi wake, hatua kwa hatua, mpaka kwenye lango, lile boksi la juu ya nguzo lenye antena ndefu. Ndani ya lango kuna laini ya simu, na hiyo ndiyo inayopeleka kila kitu kwenye seva.

Kwa mifumo inayofuata Wi-SUN, kanuni za pamoja za mitandao ya meshi ya redio, redio hutumia kiwango cha IEEE 802.15.4g, kila mita ina anwani yake ya IPv6, na kazi ya kuchagua mzazi hufanywa na itifaki iitwayo RPL, iliyochapishwa mwaka 2012. RPL huipa kila mita cheo. Lango lina namba ndogo kuliko wote, na kadiri unavyosogea mbali nalo ndivyo namba inavyopanda. Ukiona cheo cha mita kimepanda ghafla kati ya jana na leo, ujue imempoteza mzazi wa karibu ikajishikiza kwa wa mbali. Mara nyingi hiyo ndiyo alama ya kwanza ya ugonjwa, hata kabla mita haijanyamaza.

Kabla hujapanda kilima

Ukiwa bado ofisini, fungua kumbukumbu za mfumo utafute mambo matatu: mita ilisikika mara ya mwisho lini, mzazi wake wakati huo alikuwa nani, na nani mwingine aliyekuwa na mzazi huyo huyo. Kama watoto wote wa mzazi mmoja wamenyamaza, safari yako ni ya kwa mzazi. Kama amenyamaza mmoja tu na ndugu zake wanasikika, hapo una sababu ya kwenda nyumbani kwake.

Angalia pia nguvu ya mawimbi ya ujumbe wa mwisho. Huandikwa kwa dBm, na ni namba hasi: iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Kushuka kwa 3 ni kupoteza nusu ya nguvu, kushuka kwa 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Mimi huridhika nikiona -85 au bora zaidi ya hapo. Ikiwa -95 najua mita inafanya kazi leo, lakini mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha na majani ya mwembe yakaloa, tutaitana.

Dalili: mita moja imenyamaza, jirani zake wanasikika

Hii ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi, na ndiyo inayowapotosha mafundi wengi, kwa sababu inaelekeza kidole kwenye mita moja kwa moja. Nenda nayo polepole.

Anza na umeme. Je, mita inawaka? Usichanganye mita isiyo na uniti na mita isiyo na umeme. Uniti zikiisha, swichi ya ndani hukata upande wa mteja, lakini mita yenyewe inaendelea kupata umeme kutoka kwenye laini na inapaswa kuendelea kusikika na kubeba data za wenzake. Mita iliyozimika kabisa ni tatizo la waya unaoingia, siyo la mtandao.

Kama inawaka, tazama boksi. Boksi la chuma ni adui mkubwa wa mawimbi, na mitaani kwetu mteja hupenda boksi la chuma lenye kufuli kwa ajili ya usalama wa mita. Simlaumu. Lakini antena ya ndani ya mita ikifungiwa kwenye chuma, kinachotoka nje ni yale mawimbi yaliyopenya kwenye tundu la kioo na mipenyo ya mlango. Jaribio ni rahisi: soma nguvu ya mawimbi mlango ukiwa umefungwa, kisha ufungue usome tena. Nimeshapata tofauti ya 15 dB kwa kufungua mlango tu. Dawa ni boksi la plastiki ngumu, au antena ya nje inayopita kwenye tundu lenye mpira wa kuzuia maji. Usimwambie mteja aache mlango wazi; watoto wanapita hapo.

Kisha tazama kilichobadilika kuanzia ilipo mita mpaka kwa mzazi wake. Uliza watu. "Mzee shikamoo, kuna kitu kimejengwa hapa karibuni?" Swali hilo limeniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote. Tangi jipya la maji, ukuta, geti la chuma, paa la mabati lililoshushwa chini kufunika varanda, kibanda cha M-Pesa kilichosogezwa. Masafa ya 868 MHz, ya redio za mita hizi, yana urefu wa wimbi wa sentimita 34 na nusu hivi, na bati lenye upana wa mlango tayari ni kubwa kuliko hapo. Linatosha kuyarudisha nyuma.

Halafu yapo mawe yenyewe. Mwanza inaitwa mji wa miamba, na anayefanya kazi ya redio hapa hulielewa jina hilo kwa njia nyingine. Itale haipitishi mawimbi haya kwa kiwango cha kukusaidia. Nyumba mbili zinaweza kutazamana kwa hatua ishirini, kati yake kuna jiwe kubwa kama basi, na zisisikilizane kabisa. Wakati nyumba iliyo ng'ambo ya bonde, mbali mara kumi, inasikika safi. Ndiyo maana ramani iliyochorwa kwa kuangalia umbali peke yake haikufai Igogo, Isamilo wala Bugando. Kwenye vilima hivi anzia na swali la nani anamwona nani, umbali ufuate.

Na hata kuona hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka ule mstari wa kuonana. Kwa njia ya nusu kilomita kwenye 868 MHz, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu kipenyo cha kama mita sita na nusu za urefu. Jiwe au paa likiingia ndani yake, utaiona nyumba ya pili kwa macho yako na bado namba itakuwa mbaya. Kuinua antena ya mzazi kwa urefu wa mtu mmoja mara nyingi hufanya kazi kuliko kununua redio yenye nguvu zaidi.

Mwisho, kagua kiunganishi cha antena kama iko nje. Kifungue. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo hatuna ile kutu kali ya Dar es Salaam au Tanga. Tatizo letu ni unyevu unaoingia usiku na kutambaa kwenye waya. Nimefungua kiunganishi kilichoonekana kipya kwa nje, ndani nikakuta tone la maji limezunguka sindano ya kati na shaba imeanza kugeuka kijani. Funga kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo ishushe maji kama vigae, na uache waya uning'inie kidogo chini ya boksi kabla haujaingia, maji yadondokee pale.

Ukimaliza hayo yote na mita bado kimya, sasa ibadilishe. Na kabla ya kuifungua mwulize mwenye nyumba kama ana tokeni ambayo hajaiingiza. Aiingize kwanza.

Dalili: kundi zima limepotea kwa dakika ile ile

Usiende popote. Tazama lango.

Lango lisipojibu na mita zake zote zimenyamaza, sababu ya kwanza ni ile ambayo hakuna anayependa kuiandika kwenye ripoti: kifurushi cha data kimekwisha, au laini imefungwa. Nimewahi kushuhudia lango la mtaa mzima likiwa kimya kuanzia tarehe mosi, timu ikapanda nguzo mara mbili, kumbe bando lilikuwa la mwezi na halikulipiwa. Anza na laini. Kisha jina la njia ya data lililowekwa ndani ya lango, ambalo hupotea kifaa kikirudishwa kwenye hali ya kiwandani. Kisha mtandao wa simu wenyewe mahali pale.

Lango likijibu lakini mita zake zote hazipo, fikiria umeme. Malango mengi yana betri. Transfoma ikizimika, lango linabaki macho peke yake likisubiri mita zisizo na umeme. Hilo siyo tatizo la mtandao, ni taarifa ya kukatika umeme, na ipelekwe kwa wahusika wa laini upesi.

Mita nyingi pia hutuma kinachoitwa pumzi ya mwisho: kapasita ya ndani huihifadhi mita hai kwa muda mfupi ili iseme "nazimika". Ni kitu kizuri, ila usikitegemee kwa hesabu. Mita mia mbili zikizimika kwa pamoja, zote zinapiga kelele kwa wakati mmoja, zinagongana, na wazazi waliotakiwa kubeba ujumbe nao wanazimika. Ukipokea ishirini kati ya mia mbili, zinatosha kukuambia ni wapi. Hazikuambii ni ngapi.

Kundi likipotea huku sehemu nyingine ya mtaa inasikika kupitia lango lile lile, tafuta shingo: mita moja ambayo kundi lote lilikuwa likipitia. Vilima hutengeneza shingo. Nyumba zote za bonde la nyuma zinaweza kuwa zinategemea mita moja tu iliyo kwenye ukingo, inayoona pande zote mbili. Ikifa hiyo, bonde zima linakuwa yatima. Kuirudisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufunga kirudia-mawimbi kwenye nguzo nyingine ya ukingoni ili kila mita ya bondeni iwe na wazazi wawili wa kuchagua. Wasimamizi hukataa gharama hii mpaka shingo ikatike mara ya pili. Mimi ningeiweka kwenye bajeti ya siku ya kwanza.

Dalili: kama theluthi ya mita zimepotea, zimechanganyika na zinazosikika

Ukiona ramani yenye mashimo, nyumba hii ipo, hii haipo, hizi mbili zipo, ile haipo, bila mpangilio wa mteremko wala umbali, acha redio. Hesabu. Kama zilizopotea ni karibu moja kwa kila tatu, fezi moja imekatika. Nyumba zetu nyingi ni za fezi moja, na mafundi huzigawa kwenye fezi tatu ili kusawazisha mzigo, kwa hiyo fezi ikikatika hupotea nyumba zilizotawanyika mtaa mzima. Piga simu kwa mteja mmoja wa zilizopotea, muulize tu, "Mama, umeme upo?" Simu hiyo moja inamaliza uchunguzi.

Ikiwa wanasema umeme upo lakini taa zinafifia, hiyo ni dharura ya volteji, na inaweza kuunguza friji za watu. Iripoti papo hapo.

Dalili: zinasikika usiku, kukicha zinapotea

Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, tulikuwa na mita sita zilizopotea kila siku alfajiri na kurudi mchana. Tulibadilisha chaneli, tukaongeza nguvu, hakuna kilichobadilika. Mwishowe mwenzangu alikwenda kukaa pale kuanzia saa kumi na moja asubuhi na kikombe cha chai. Akaona malori ya dagaa yakiingia moja baada ya jingine na kuegeshwa ubavu kwa ubavu mbele ya ukuta wenye boksi za mita, na boksi zenyewe zilikuwa usawa wa kifua. Lori ni ukuta wa chuma. Yakishapakia na kuondoka, mita zinarudi. Tulihamishia antena ya mzazi juu ya paa la jirani, tatizo likaisha siku hiyo.

Sababu nyingine ya mchana ni msongamano wa redio nyingine kwenye masafa yale yale. Kifaa cha kupima masafa kikikosekana, mita yenyewe inaweza kukusaidia: mifumo mingi huonyesha kelele ya kila chaneli. Kelele ikipanda kwenye chaneli mbili tatu tu, ziondoe kwenye orodha ya chaneli ambazo redio hurukia kwa zamu na uendelee. Ikipanda kwenye zote, kuna chanzo karibu sana, pengine kifaa kibovu.

Hapa naomba tofauti moja ieleweke. Mashine za kusaga, mashine za kuchomelea na chaja za bei rahisi huchafua sana mawasiliano yanayopita kwenye waya wa umeme. Kwenye redio ya 868 MHz athari yake ni ndogo zaidi. Kama mita zako ni za aina mbili kwa pamoja, waya na redio, na zinapotea mashine ya kusaga inapowashwa, basi angalia kama zimelazimishwa kutumia waya peke yake. Mara nyingi ni mpangilio wa kubofya tu.

Dalili: mita za ufukweni zinarukaruka kati ya wazazi

Hii ni ya kwetu watu wa ziwani, na kwenye vitabu vya watengenezaji sijaikuta ikielezwa vya kutosha.

Maji hayana majengo. Mita ya Igogo inaweza kusikia redio iliyo Capri Point, ng'ambo ya maji, vizuri kuliko jirani yake aliye nyuma ya jiwe, basi ikamchagua huyo wa ng'ambo kuwa mzazi. Kwa saa kadhaa inakwenda vizuri. Kisha namba zinashuka, mita inatafuta mzazi mwingine, baadaye inarudi kule kule. Kila kuhama kunagharimu ujumbe, na ujumbe uliokuwa njiani unapotea.

Kinachotokea ni hiki: mawimbi hufika kwa njia mbili, moja kwa moja na baada ya kugonga uso wa maji. Ziwa likiwa shwari asubuhi, uso huo ni kioo, na yale yaliyoakisiwa yanaweza kufika yakiwa yamepinduka kulinganisha na yale ya moja kwa moja, yakafutana. Upepo wa mchana ukiinua mawimbi ya maji, kioo kinavunjika, na hali inabadilika. Hakuna kilichoharibika, na ndiyo maana ukienda kupima kila kitu kinaonekana kizima.

Tiba ni kumkataza mzazi wa ng'ambo kwenye orodha, au kuongeza kizingiti cha kuhama ili mita isikimbilie mabadiliko madogo. Lakini ukimkataza bila kumpa mwingine, umeifukuza mita kwenye mtandao. Funga kwanza kirudia-mawimbi upande wa nchi kavu, hakikisha mita inakisikia, ndipo ukate njia ya majini.

Ukiwa ufukweni fungua na lango. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi hufuata taa, na lango lililofungwa chini ya taa ya barabarani hujaa miili yao kwenye matundu ya hewa. Wakilowa, wanashika unyevu juu ya sakiti. Wavu mwembamba kwenye matundu, na nguzo isiyo na taa.

Dalili: data inafika, lakini ina mapengo

Mita ikirekodi kila dakika 15, inatengeneza rekodi 96 kwa siku. Mita 500 chini ya lango moja ni rekodi 48,000, na zote lazima zipite kwa mita chache zilizo karibu na lango. Msongamano haupo pembezoni, upo mlangoni. Ukiona mapengo yanaongezeka kadiri unavyofunga mita mpya, ingawa mawimbi ni mazuri, gawanya eneo kwa lango la pili, au zipangie mita zitume kwa zamu badala ya zote kuamka saa sita usiku kamili.

Urefu wa njia nao una bei yake. Kila hatua ikifanikiwa mara 9 kati ya 10, njia ya hatua 6 bila kurudia hufikisha ujumbe kama nusu tu ya mara zote, asilimia 53. Redio hurudia kutuma, ndiyo sababu mfumo hauanguki, lakini kurudia huko ndiko kunakoongeza msongamano. Mimi nikiona mita nyingi ziko zaidi ya hatua 5 kutoka langoni, natafuta mahali pa lango jipya.

Pengo likiwa la mita moja, angalia saa yake. Saa inayokosea sehemu 20 kwa milioni hupotea kama sekunde 1.7 kwa siku; ikisawazishwa na mtandao haina shida. Lakini mita iliyokaa bila umeme muda mrefu na betri yake ya saa imekufa huamka na tarehe ya kiwandani. Rekodi zake zinafika, ila zinaingia kwenye mwaka ambao hakuna anayeutazama. Kabla ya kusema data haipo, itafute kwenye tarehe za ajabu.

Dalili: umeme umerudi, mtandao haujarudi

Subiri. Mita zote huamka kwa pamoja na kutafuta wazazi kwa pamoja, na RPL imetengenezwa iwe na pupa mwanzoni kisha itulie taratibu. Ukilizima na kuliwasha lango kwa kukosa subira, unaianzisha fujo upya. Nilimwona kijana mmoja mwenye bidii akifanya hivyo mara nne kwa usiku mmoja. Wape saa moja au mbili. Zitakazobaki nje baada ya hapo ndizo za kufuatilia.

Dalili: mita iko hewani, lakini kuna kinachokataliwa

Mita inajibu, mawimbi ni -70, lakini usomaji unarudi na kosa la usalama. Mita za DLMS, lugha ambayo mita na seva huzungumza, hufunga ujumbe kwa usimbaji wa siri uitwao AES, na kila ujumbe una kaunta ambayo ni lazima ipande. Seva ikirejeshwa kutoka kwenye nakala ya zamani, kaunta yake inakuwa nyuma, na mita inaukataa ujumbe ikidhani mtu anarudia maneno ya jana. Hapo nguzo haihusiki kabisa. Ni kazi ya watu wa seva kusawazisha kaunta au kubadili funguo.

Mita ikikataa tokeni mpya zote, suala ni jingine. Mita za mfumo wa STS, ule wa tokeni za umeme wa kulipia kabla, zilihesabu dakika kuanzia 1993, na hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuingiziwa zile tokeni za kubadili ufunguo haitapokea tokeni za baada ya hapo, hata mtandao uwe mzuri kiasi gani. Mpe mteja tokeni hizo aziingize kwa mpangilio wake, kisha ile ya umeme.

Na nisisitize hili: namba 20 za tokeni hazihitaji mtandao. Kama mfumo wenu hutuma uniti hewani na mtandao umekwama, mpe mteja namba zake kwa SMS aziingize kwa mkono. Mtu asilale gizani akiwa amelipia, eti tunasubiri meshi ipone.

Dalili: ghalani zilifanya kazi, kilimani hapana

Shehena nzima ya mita ikisumbua karibu na minara ya simu, soma masafa iliyopangiwa. Masafa ya 902 hadi 928 MHz ni huru Marekani, ambayo iko Kanda ya 2 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Sisi Afrika tuko Kanda ya 1, na huku simu za GSM 900 hutumia 880 hadi 915 kwenda mnarani na 925 hadi 960 kutoka mnarani. Mita iliyopangwa kwa soko la Marekani ikifungwa kwetu inakaa katikati ya simu za watu: inasumbuliwa, na yenyewe inasumbua. Huko hakuna kuinua antena. Zishushe, zipangwe upya kwa masafa yanayoruhusiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na kama redio yake haiwezi kupangwa, zirudishwe kwa muuzaji.

Kabla hujafunga kazi

Andika namba: nguvu ya mawimbi kabla na baada, mzazi wa zamani na wa sasa, cheo, na ulichokiona kwa macho kati ya mita na mzazi wake. Kisha rudi kwenye mfumo kesho saa ile ile ambayo tatizo lilikuwa likitokea. Kwa mama wa Mabatini nilirudi wiki iliyofuata, tukiwa tumehamisha antena ya jirani juu ya kibanda. Mita yake ilikuwa -78, wazazi wawili, rekodi 96 za jana zote zipo. Nikamwonyesha kwenye simu. Akauliza kama ile ya zamani aliyoniona naondoka nayo ilikuwa nzima, nikamwambia ndiyo mama, ilikuwa nzima.